Albrecht Dürer na Ukweli wa Picha: Funzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Miongoni mwa zana zote za kufundishia, hapana inayoaminiwa na mtoto upesi kama picha. Neno la mwalimu mtoto huweza kulisahau, na jambo lililo kitabuni huweza kulisoma pasipo kulielewa. Lakini picha iliyobandikwa ukutani huingia akilini mwake na kukaa humo miaka mingi. Kwa sababu hiyo mwalimu anayeleta picha darasani hujitwika dhamana kubwa. Yampasa ajue picha hiyo ilichorwa na nani, lini, na kwa kutazama nini. Asipojua, huenda akapanda uongo katika shamba ambalo yeye mwenyewe hatakuwapo kulipalilia.

Katika makala hii tumekusudia kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye jambo hili lilimgusa kila upande: Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1528. Dürer alitengeneza picha zilizo sahihi mno, na pia alitengeneza picha moja yenye makosa iliyoupotosha ulimwengu wa elimu kwa zaidi ya miaka 200. Aliibiwa kazi zake na akapigania jina lake. Aliandika maelezo juu ya picha zake kwa uangalifu ambao wachoraji wengi wa zama zake hawakuwa nao. Mwanachuo akiyafahamu maisha haya, atafahamu pia kwa nini tunamwambia kila mara ataje chanzo cha picha anayoitumia.

Utoto na uanagenzi

Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei 1471 katika mji wa Nuremberg, uliokuwa mji tajiri wa biashara na ufundi. Baba yake, aliyeitwa pia Albrecht, alikuwa sonara aliyehamia kutoka Hungaria. Mama yake aliitwa Barbara. Wazazi hao walijaliwa watoto 18, lakini waliofikia utu uzima walikuwa watatu tu. Baba yake wa ubatizo alikuwa Anton Koberger, mmoja wa wapiga chapa wakubwa wa vitabu katika Ulaya ya wakati ule. Hivyo tangu utotoni Dürer aliishi kati ya dhahabu na karatasi, kati ya nyundo ya sonara na mtambo wa chapa.

Kwanza alifundishwa kazi ya usonara na baba yake. Katika kazi hiyo mkono wake ulizoea kuchora mistari myembamba juu ya madini, ujuzi uliomfaa sana baadaye. Mwaka 1484, akiwa na umri wa miaka 13, alichora sura yake mwenyewe kwa kijiti cha fedha. Mchoro huo upo hata leo katika jumba la Albertina, mjini Vienna. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mtu mzima, aliuandikia maelezo: kwamba alijichora kwa kujitazama katika kioo, mwaka huo wa 1484, akiwa bado mtoto.

Tuyatazame maelezo hayo kwa makini, maana ndani yake mna mambo manne. Kuna aliyechora, aliyechorwa, mwaka, na namna mchoro ulivyopatikana, yaani kwa kioo. Mwanachuo akijiuliza ni mambo gani ya kuandika chini ya picha, basi jibu la awali alikwisha kulitoa Dürer zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Mwishoni mwa mwaka 1486 aliingia uanagenzi kwa Michael Wolgemut, mchoraji aliyekuwa na karakana kubwa pale Nuremberg, na huko alijifunza kuchora picha za kuchongwa juu ya mbao kwa ajili ya vitabu. Mwaka 1490 alianza safari za mafundi vijana. Alitamani mno kujifunza kwa Martin Schongauer, bingwa wa chapa za shaba katika mji wa Colmar. Lakini alipofika huko mwaka 1492 alikuta Schongauer amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Kijana huyo alipokelewa na ndugu wa marehemu, akaendelea na safari yake hadi Basel. Mwaka 1494 alirudi nyumbani, akamwoa Agnes Frey, na baada ya muda mfupi akafunga safari ya Italia. Aliporejea mwaka 1495 alifungua karakana yake mwenyewe.

Alama ya A na D

Hapana budi tueleze hapa tofauti iliyopo baina ya picha ya rangi na chapa. Picha ya rangi ni moja tu, na mwenye kuitaka hana budi kuifuata ilipo. Chapa huchongwa kwanza juu ya ubao au bamba la shaba. Kisha hupakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi, na nakala mamia kwa mamia zikapatikana. Dürer alitambua mapema kwamba njia hiyo ingeweza kumfikisha kwa watu asiopata kuonana nao. Mwaka 1498 alitoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha kubwa 15 za chapa ya ubao, akakitoa mwenyewe pasipo kumtegemea mwenye duka la vitabu. Mke wake Agnes alipeleka chapa zake kuziuza katika maonyesho ya biashara ya Frankfurt, na mama yake alikuwa akiziuza pale pale Nuremberg.

Juu ya kazi zake Dürer aliweka alama: herufi A kubwa, na katikati ya miguu yake herufi D. Alama hiyo ilikuwa jina lake, ahadi yake, na pia ngao ya riziki ya nyumba yake. Mnunuzi wa mbali, asiyemjua Dürer wala Nuremberg, aliitazama alama na kujua kwamba kazi ile imetoka katika mkono fulani.

Lakini kilicho na thamani huwavuta wezi. Katika Italia mchonga chapa hodari, Marcantonio Raimondi, alinakili juu ya shaba picha za Dürer za maisha ya Bikira Maria, akaiga mistari yake, na hata alama ya A na D akaiweka. Mwandishi Giorgio Vasari, katika kitabu chake cha mwaka 1568, alisimulia kwamba Dürer alipeleka mashtaka mbele ya serikali ya Venice, naye Marcantonio akakatazwa kutumia alama ile tu, si kunakili picha. Vasari aliandika takriban miaka 60 baada ya mambo hayo, kwa hiyo wataalamu huipokea habari yake kwa tahadhari. Lililo thabiti zaidi ni amri ya Baraza la Mji wa Nuremberg ya mwaka 1512: mgeni mmoja aliyekuwa akiuza chapa mbele ya jumba la baraza, zikiwa na alama ya Dürer iliyowekwa kwa udanganyifu, aliamriwa aziondoe alama hizo, la sivyo chapa zake zingetwaliwa. Dürer mwenyewe, alipotoa upya vitabu vyake mwaka 1511, alichapisha ndani yake onyo kali kwa wanakilishaji, akitaja haki aliyopewa na Kaisari Maximilian.

Tunaona basi kwamba ugomvi wa kutaja au kutotaja mwenye kazi haukuanzishwa na wakufunzi wa vyuo vyetu. Nyuma ya kila alama iliyofutwa au kughushiwa kuna mtu aliyekesha akichonga. Tena kuna funzo la pili: alama peke yake si ushahidi wa kutosha. Baada ya kifo cha Dürer, wenye mali na wafanyabiashara waliiandika alama ya A na D juu ya michoro mingi ambayo hakuichora. Sungura wake wa mwaka 1502, aliyechorwa kwa rangi za maji na anayehifadhiwa Albertina, alinakiliwa mara nyingi, hasa na Hans Hoffmann mwishoni mwa karne ya 16. Anayemtafuta sungura wa Dürer, akaridhika na sungura wa kwanza anayekutana naye mwenye alama ya A na D, aweza kurudi nyumbani na sungura wa mtu mwingine.

Kifaru ambaye Dürer hakumwona

Sasa tufike kwenye picha iliyotufanya tumchague mtu huyu. Mwaka 1514 Sultani Muzaffar wa Gujarat, katika Bara Hindi, alimzawadia mkuu wa Wareno kule, Afonso de Albuquerque, kifaru hai. Albuquerque alimpeleka kwa mfalme wake, Manuel wa Ureno. Mnyama huyo alisafirishwa kwa jahazi kubwa kuvuka Bahari ya Hindi na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, akateremshwa Lisbon tarehe 20 Mei 1515. Tangu zama za Warumi hapakuwa na kifaru hai aliyeonekana Ulaya, na watu walijaa kumtazama. Mwezi Juni mfalme aliamuru apambanishwe na tembo. Tembo alipomwona alikimbia. Baadaye mfalme aliamua kumtuma kifaru kwa Papa Leo wa Kumi, lakini mwanzoni mwa mwaka 1516 jahazi lilizama karibu na pwani ya Italia, na mnyama aliyefungwa minyororo akafa maji.

Dürer hakupata kumwona. Habari zilimfikia Nuremberg kwa barua kutoka Lisbon, pamoja na mchoro wa mtu asiyejulikana. Kwa kutegemea hayo alichora kwanza kwa kalamu na wino, kisha akatoa chapa ya ubao. Kwa ufundi, picha ile ni ya ajabu. Kwa ukweli, ina makosa ya kutosha. Ngozi ya kifaru, ambayo kwa kifaru wa Bara Hindi hukunjamana kwa mikunjo mizito, Dürer aliigeuza kuwa mabamba ya chuma yaliyoungwa kama deraya ya askari. Miguu aliivika magamba. Na juu ya mabega alimwotesha pembe ndogo ya pili, iliyosokotwa, ambayo hakuna kifaru yeyote duniani aliye nayo.

Maelezo yaliyochapwa juu ya picha nayo yana kasoro. Yanasema kwamba mnyama alifika Lisbon tarehe 1 Mei 1513, hali chini yake, juu ya alama ya A na D, umeandikwa mwaka 1515. Karatasi moja ina miaka miwili! Maelezo hayo hayo yanasimulia jinsi kifaru anavyoinoa pembe yake juu ya mawe na kumpasua tembo tumbo. Habari hiyo ilitoka katika vitabu vya kale vya Warumi, wala haikuonekana pale Lisbon, ambako tembo alikimbia tu.

Wakati huo huo, katika mji wa Augsburg, mchoraji Hans Burgkmair naye alitoa chapa ya kifaru yule yule mwaka 1515. Kifaru wake hana pembe ya begani wala deraya. Ana mwili wa mnyama, na amefungwa kamba miguuni. Picha yake ilikuwa karibu zaidi na ukweli, lakini leo inajulikana nakala moja tu ya chapa hiyo, iliyopo Vienna. Ile ya Dürer ilipigwa chapa tena na tena hata baada ya kufa kwake, mpaka ubao wenyewe ukapasuka na ufa kuonekana katika nakala za mwisho.

Kisha wanakilishaji wakaanza kazi. Conrad Gessner, mtaalamu mashuhuri wa wanyama, aliiingiza picha hiyo katika kitabu chake kikubwa kilichoanza kutoka mwaka 1551. Mwingereza Edward Topsell akaitumia mwaka 1607. Kila aliyenakili alimnakili aliyemtangulia, na hakuna aliyekwenda kumtazama mnyama mwenyewe. Pembe ya begani ikahama kutoka kitabu hadi kitabu kama urithi. Ni katikati ya karne ya 18, wakati kifaru jike aliyeitwa Clara alipozungushwa katika miji ya Ulaya na mchoraji Jean-Baptiste Oudry kumchora akiwa hai mwaka 1749, ndipo picha ya kweli ilipoanza kuishinda ile ya uongo. Hata hivyo, vipo vitabu vya shule nchini Ujerumani vilivyoendelea kumtumia kifaru wa Dürer hadi karne ya 20.

Tusimdharau Dürer kwa jambo hili. Yeye alichora kwa kadiri ya habari alizozipata, na katika maelezo yake alisema wazi kwamba mnyama aliletwa Lisbon kwa mfalme wa Ureno. Lawama kubwa zaidi ni ya wale waliokuja baadaye, waliokuwa na nafasi ya kuuliza wasiulize. Sifa ya mchoraji iliwatosha kuwa ushahidi wa mnyama.

Maelezo yaliyo kweli

Upande wa pili wa Dürer ni mwandishi wa maelezo mafupi yaliyo sahihi. Mwezi Machi 1514 alimchora mama yake kwa makaa, akiwa mgonjwa na amekonda, mifupa ya uso ikionekana. Juu ya karatasi aliandika tarehe, na kwamba huyu ni mama yake akiwa na umri wa miaka 63. Mwezi Mei mama alifariki, na mwana akarudi kwenye karatasi ile ile akaongeza siku ya kifo. Leo mchoro huo upo Berlin.

Mwaka 1515 aliletewa mchoro wa chaki nyekundu kutoka kwa Raphael, mchoraji mkuu wa Roma. Dürer aliandika juu yake kwamba ni kazi ya Raphael, na kwamba Raphael alimpelekea Nuremberg ili amwonyeshe ustadi wa mkono wake. Hivyo aliyekuwa ameibiwa jina alihakikisha jina la mwenzake halipotei. Wapo wataalamu waliodhani kwamba huenda mchoro huo ulifanywa na mwanafunzi katika karakana ya Raphael. Maana hata maelezo ya mtu mwaminifu yanastahili kuchunguzwa. Lakini pasingekuwa na maelezo, hata swali lenyewe lisingeweza kuulizwa.

Mwezi Julai 1520 Dürer, pamoja na Agnes na mtumishi wao, alifunga safari ya kwenda Netherlands. Kaisari Maximilian aliyekuwa amempa malipo ya florini 100 kwa mwaka alikuwa amefariki mwaka 1519, na ilimbidi amwombe mrithi wake, Karl wa Tano, ayathibitishe. Katika safari hiyo aliandika daftari la matumizi na mambo aliyoyaona. Mjini Brussels aliona vitu vya dhahabu na fedha vilivyotoka Meksiko, akastaajabia akili za watu wa nchi za mbali waliovitengeneza. Aliposikia kwamba nyangumi mkubwa amekwama pwani ya Zeeland, alisafiri wakati wa baridi kumtazama kwa macho yake. Lakini alipofika, maji ya bahari yalikuwa yamekwisha kumchukua. Katika safari ile alipata maradhi ambayo hayakumwacha kabisa. Hapo tunamwona mtu yule yule aliyemchora kifaru kwa kusikia, miaka 5 baadaye akiingia katika hatari ya bahari ili asimchore nyangumi kwa kusikia.

Mjini Antwerp Dürer alizoeana na João Brandão, wakala wa biashara wa mfalme wa Ureno. Nyumbani mwa Brandão alikuwapo msichana mwafrika. Katika daftari lake Dürer aliandika tu kwamba alimchora mwanamke huyo mweusi wa Brandão kwa kijiti cha fedha, jina hakulitaja. Lakini juu ya mchoro wenyewe, ambao leo unahifadhiwa Uffizi mjini Florence, aliandika mwaka 1521, na jina, Katharina, na umri wake, miaka 20. Amechorwa akiwa ameinamisha macho, kichwa chake kimefunikwa kitambaa kilichofungwa vizuri.

Tukizingatia biashara ya Wareno katika Afrika wakati ule, ni rahisi kuamini kwamba Katharina alikuwa mtumwa. Maelfu ya watu wa bara letu walipita katika bandari na nyumba za Ulaya karne ile, na majina yao yamezama. Jina hili moja limeokoka kwa sababu mchoraji aliona kuwa anayechorwa ni mtu mwenye jina, akaandika maneno machache pembeni mwa karatasi. Bila daftari tusingejua alikuwa nyumbani kwa nani, na bila maandishi ya mchoro tusingejua aliitwaje. Vyanzo viwili, kila kimoja kikiwa na nusu ya habari, vimeungana kutupa mtu mzima.

Miaka ya mwisho

Dürer alirudi Nuremberg mwaka 1521, afya yake ikiwa imepungua. Miaka iliyobakia aliitumia zaidi katika kuandika vitabu vya kufundishia. Mwaka 1525 alitoa kitabu cha upimaji kwa bikari na rula, akikusudia kuwafaa vijana mafundi: wachoraji, masonara, wachongaji na waashi. Alikiandika kwa Kijerumani, lugha ya karakana, wakati ambapo wasomi wengi waliandika kwa Kilatini. Mwaka 1527 alitoa kitabu juu ya ngome. Kitabu chake juu ya vipimo vya mwili wa binadamu kilikuwa kikichapwa mauti yalipomfika tarehe 6 Aprili 1528, akiwa na umri wa miaka 56; Agnes ndiye aliyehakikisha kimetoka mwaka huo huo. Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Yohana, Nuremberg. Pamoja na picha za rangi na mamia ya chapa, imesalia michoro yake ya mkono ipatayo 1,000.

Yatupasayo sisi walimu

Kutokana na maisha haya tunaweza kupata kanuni chache za kumwongoza mwanachuo anapotafuta picha kwa ajili ya utafiti wake, somo lake au zana zake.

Kwanza, tuifuate picha hadi kwa mwenye kuihifadhi. Picha iliyokutwa katika gazeti, katika kalenda au mahali popote katika intaneti ni nakala ya nakala, mara nyingi imekatwa pembeni na rangi zake zimebadilika. Siku hizi makumbusho makubwa huonyesha mali zao katika intaneti, yakiwa na picha kubwa zilizo wazi na maelezo yaliyokaguliwa na wataalamu. British Museum ya London na Albertina ya Vienna hufanya hivyo. Nayo Rijksmuseum ya Amsterdam, National Gallery of Art ya Washington na Metropolitan Museum ya New York huruhusu picha za kazi zao nyingi za kale zitumiwe bure. Tusome masharti ya kila moja kabla ya kunakili, maana hayafanani. Chuo kisichokuwa na intaneti kitumie kitabu cha kuaminika, na ukurasa utajwe.

Pili, tuchague nakala inayoonyesha picha nzima. Aliyeikata picha ya kifaru chini ya maandishi yake ameikata tarehe yenye kosa, na pamoja nayo ameondoa ushahidi ambao mchunguzi angeuhitaji.

Tatu, tutaje mambo yote kwa utaratibu: jina la mchoraji, jina la kazi, mwaka, namna ilivyotengenezwa, vipimo, mahali inapohifadhiwa, na namba yake ya hifadhi, kisha mahali tulipoipata nakala na tarehe tuliyoichukua. Mchoro wa kalamu wa kifaru, kwa mfano, utaandikwa hivi: Albrecht Dürer, Kifaru, 1515, kalamu na wino wa kahawia juu ya karatasi, sm 27.4 kwa 42, British Museum, London, namba SL,5218.161. Namba hiyo isidharauliwe. Dürer alichora kifaru kwa kalamu na pia kwa chapa, na chapa zenyewe zipo katika makumbusho nyingi. Namba ndiyo inayosema ni karatasi ipi. Hata herufi SL zina habari: zinatuonyesha kwamba mchoro ulitoka katika mali za Hans Sloane, ambazo ndizo zilizoanzisha makumbusho hayo mwaka 1753.

Nne, tuulize: je, mchoraji aliona? Picha ya Katharina na picha ya kifaru zimetoka katika mkono mmoja, lakini hazina uzito mmoja wa ushahidi. Mmoja alikaa mbele ya mchoraji. Mwingine alifika kwa barua. Tunapoichukua picha ya mtaa wa kale, ya vita, ya desturi za kabila fulani, swali hilo litangulie mengine yote.

Kanuni hizi zaweza kufundishwa hata kwa watoto wa Darasa la Tano. Mwalimu aichore picha ya kifaru wa Dürer kwenye karatasi ya manila, na pembeni aweke picha ya kifaru mweusi wa Ngorongoro au Mkomazi, ambaye ana pembe mbili, zote juu ya pua. Awaache watoto wataje tofauti wao wenyewe. Kisha awaeleze kwamba baadhi ya tofauti ni za haki, kwani kifaru wa Bara Hindi ana pembe moja na ngozi yenye mikunjo. Na baadhi ni makosa ya mtu ambaye hakuona. Kupambanua hizo mbili ndiyo kazi yenyewe ya somo. Mwisho, kila mtoto achore kitu kimoja cha nyumbani kwao, aandike chini yake jina lake, tarehe, na kama alikichora akikitazama au kwa kukumbuka.

Mwanachuo atakayeona kwamba mstari huo mmoja chini ya picha ni usumbufu, na aukumbuke mchoro ule wa Antwerp. Jina moja, mwaka mmoja, umri wa miaka 20: maneno hayo hayakumchukua Dürer hata dakika moja kuyaandika, na kwa ajili yake msichana mwafrika wa mwaka 1521 bado anaitwa kwa jina lake.